Pima kabla ya kupatana bei: mwongozo kamili wa kukadiria ukuaji wa shamba la mipaina, kutoka Mufindi hadi stesheni ya Makambako

Baba yangu mdogo aliuza ekari tatu za mipaina kwa mtu aliyezunguka mpaka wa shamba kwa nusu saa, akasimama chini ya mti mmoja, akatazama juu, akataja bei. Walipatana palepale. Wiki mbili baadaye tulikaa kando ya barabara tukihesabu Fuso zinazotoka na mbao. Zilipofika kumi na moja baba mdogo aliacha kuhesabu, akaingia ndani, na siku ile hakula. Yule mnunuzi hakumlazimisha. Alijua tu pale pamesimama mita ngapi za ujazo, na mwenye shamba hakujua.

Tangu hapo nimejifunza kupima, nimepima mashamba ya ndugu na majirani, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye ekari mbili, tano au ishirini, aliye Mufindi, Njombe, Makete au Mbeya Vijijini, ambaye anaulizwa kila mwezi "unauza?" na hana namba ya kujibu nayo. Hesabu zote zinafanyika kwa simu yenye kikokotoo cha kisayansi, yaani kile chenye kitufe cha ln (logarithi asilia).

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni shamba la ekari 5 la mipaina (wengine tunaiita misindano) ya aina ya Pinus patula, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, sasa ina miaka 9. Namba za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Za kwako utazipata shambani.

Vifaa

Kamba isiyovutika yenye urefu wa mita 7.98, utepe wa fundi cherehani (ukiwa na wa mita moja na nusu unatosha kwa miti mingi), kijiti kilichokatwa mita 1.3 kamili, fimbo nyoofu, rangi ya mafuta na brashi, daftari gumu na penseli. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye ukungu wa Mufindi. Watu watatu: mmoja anapima, mmoja anashika kamba, mmoja anaandika. Anayeandika arudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika.

Nenda kati ya Juni na Agosti. Mvua zimekwisha, njia zinapitika, miti haijaanza msimu mpya wa kukua, na moto wa Septemba hadi Novemba bado haujaanza kusumbua. Ukipima kila mara mwezi uleule, umri wa miti utakuwa wa miaka kamili na hesabu itanyooka.

Hatua ya 1: Ukubwa halisi wa shamba

Huku kwetu ekari mara nyingi ni "hatua sabini kwa sabini". Hatua za nani? Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Mtu ambaye hatua yake ni sentimita 80 akipiga sabini kwa sabini anapata mita 56 kwa 56, yaani mita za mraba 3,136. Hiyo ni robo tatu ya ekari na kidogo tu. Mwenye "ekari tano" za namna hiyo hana hata nne.

Kwa hiyo zunguka mpaka ukiwa na simu yenye programu ya kupima eneo kwa GPS. Zunguka mara mbili, siku mbili tofauti. Kama majibu yanapishana sana, rudia. Kisha toa kile kisicho na miti: barabara ya kinga moto, mwamba, bonde la vinyungu (bustani za bondeni), sehemu iliyoungua ikabaki nyasi. Kama ndani ya shamba moja kuna mipaina ya miaka 9 na mingine ya miaka 5, au kuna kona ya milingoti (mikaratusi), hayo ni mashamba mawili au matatu kwa hesabu hii. Usiyachanganye. Na kama shamba linapakana na reli, ukanda wa hifadhi ya reli si wako hata kama mti ulipandwa na babu yako, kwa hiyo usiuhesabu.

Ekari 5 za mfano wetu ni mita za mraba 20,235, sawa na hekta 2.02. Kuanzia hapa nitatumia hekta, kwa kuwa ndiyo lugha ya hesabu za misitu, halafu mwishoni tutarudi kwenye ekari.

Hatua ya 2: Weka maduara

Huhitaji kupima miti yote. Unapima maduara machache yaliyotawanyika vizuri. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.98 lina eneo la mita za mraba 200, ambalo ni sehemu moja ya hamsini ya hekta. Ndiyo maana ya kamba ile: chochote utakachokihesabu ndani ya duara ukikizidisha kwa 50 unapata cha hekta nzima.

Kwa ekari 5, maduara 6 ni ya kutosha. Gawanya eneo kwa idadi: 20,235 kwa 6 ni 3,372, na kipeuo chake cha pili ni 58. Basi vituo vyako vikae umbali wa mita 58 kila upande, kama gridi. Chagua mahali pa kuanzia kabla ya kuingia shambani, juu ya karatasi, kisha uende pale karatasi ilipokuambia.

Hapa ndipo watu wengi wazuri wanapojidanganya. Unafika kwenye kituo, unakuta pengo, miti minne tu imesimama, na moyo unakuambia usogee hatua kumi kule iliko miti minene. Usisogee. Pengo ni sehemu ya shamba lako kama ilivyo sehemu nene, na mnunuzi atalikuta. Ukisogeza duara moja tu kati ya sita, umeharibu yote sita.

Kituo kikiangukia karibu na mpaka, kamba ikavuka, fanya hivi: pima miti iliyo ndani ya duara upande wako kama kawaida. Halafu pima umbali kutoka kituoni hadi mpakani, vuka mpaka, nenda umbali uleule upande wa pili, simama hapo na uzungushe kamba tena. Mti wa kwako utakaoguswa na kamba hii ya pili unahesabiwa mara ya pili. Inaonekana kama mchezo, lakini inalipa fidia ya ile sehemu ya duara iliyopotea.

Milima yetu ina mteremko, na kamba lazima ilale usawa, isifuate ardhi. Anayesimama juu aishushe hadi magotini au chini kabisa, aliye chini ainyanyue kifuani. Mahali pa mteremko mkali sana, vuta kamba kwa vipande viwili kama ngazi. Ukiifuata ardhi, duara lako litakuwa dogo kuliko unavyodhani na utajipunja mwenyewe.

Hatua ya 3: Pima unene

Simika kijiti cha mita 1.3 kwenye shina, upande wa juu wa mteremko, na zungusha utepe hapo. Utepe ulale sawa, usipinde, usipite juu ya gamba lililobanduka au mmea unaotambaa. Kama pale kwenye mita 1.3 pana fundo la tawi, pima juu kidogo na chini kidogo, chukua wastani. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 unahesabiwa kama miti miwili. Mti uliokufa uandike, lakini usiuingize kwenye hesabu ya ujazo.

Piga mstari wa rangi mahali hasa utepe ulipopita, na andika namba ya mti. Usiruke kazi hii ya rangi, kwa sababu baada ya miaka mitatu utakuja kupima mti uleule mahali palepale, na sentimita tano juu au chini zinatosha kukuonyesha ukuaji ambao haukuwepo.

Sasa hesabu ya mti mmoja. Utepe umesoma mzingo wa sentimita 53.4. Ukigawanya kwa 3.1416 unapata kipenyo cha sentimita 17.0. Lakini kinachotufaa zaidi ni eneo la mkato wa shina, yaani uso wa kisiki kama ungekata pale kwenye mita 1.3. Chukua mzingo kwa mita, zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 12.566. Hapa ni 0.534 mara 0.534, kugawanya kwa 12.566, jibu mita ya mraba 0.0227. Fanya hivyo kwa kila mti kwenye duara, jumlisha, zidisha kwa 50.

Maduara sita ya mfano wetu yalikuwa na miti 19, 20, 18, 21, 20 na 18. Wastani ni miti 967 kwa hekta. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ingetoa miti 1,111, kwa hiyo iliyopona ni asilimia 87, na hilo si baya. Eneo la mashina kwa hekta lilitoka 21.5, 23.5, 19.5, 26.0, 22.5 na 20.5. Wastani: mita za mraba 22.25 kwa hekta.

Hatua ya 4: Pima urefu

Urefu ndio unaosema ukweli kuhusu udongo. Unene unategemea umepanda kwa kubanana kiasi gani, lakini urefu wa miti minene zaidi hauathiriki sana na msongamano. Ukiwa mrefu kwa umri wake, ardhi ni nzuri, basi. Wanamisitu huchukua urefu wa miti 100 minene zaidi kwa hekta na kuuita kimo cha miti tawala. Kwa duara letu, miti 100 kwa hekta ni miti 2. Kwa hiyo kwenye kila duara pima urefu wa miti miwili minene kuliko yote, na juu yake ongeza mitatu ya unene wa kawaida.

Namna ya kupima bila kifaa: shika fimbo wima mbele yako, mkono umenyooka, na sehemu ya fimbo iliyo juu ya ngumi iwe na urefu sawa na umbali kutoka ngumi hadi jicho. Rudi nyuma taratibu hadi ncha ya fimbo iguse kilele cha mti na ngumi yako iguse mguu wa mti. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye mti ndio urefu wake. Rudi nyuma kwa kufuata usawa wa mlima, usipande wala usishuke. Pima asubuhi ukungu ukishainuka na kabla ya upepo wa mchana, kwa sababu kilele kinachoyumba hakipimiki. Ukipata kipimapembe cha misitu cha kuazima kutoka kwa afisa misitu wa wilaya au chama chenu cha wapanda miti, tumia hicho. Fimbo ni ya mtu asiye na kingine, lakini inafanya kazi.

Kwetu mfano: kimo cha miti tawala ni mita 13.8, na wastani wa miti ya kawaida ni mita 12.6.

Hatua ya 5: Ujazo uliosimama leo

Eneo la mashina mara urefu wa wastani mara kipimo cha umbo. Shina lingekuwa bomba, kipimo kingekuwa 1. Lingekuwa na umbo la pia (koni), kama kofia ya sherehe, kingekuwa theluthi moja. Mpaina uko katikati, na 0.45 ni namba ya kuanzia isiyo na kiburi.

22.25 × 12.6 × 0.45 = mita za ujazo 126 kwa hekta. Kwa ekari ni 51. Kwa shamba zima la ekari 5 ni 255.

Ukitaka kipimo cha umbo cha shambani kwako, subiri siku ya kupunguza miti. Miti iliyolala chini igawe vipande vya mita mbili mbili, pima mzingo katikati ya kila kipande, tafuta ujazo wake, jumlisha, kisha ulinganishe na kile ambacho bomba lenye unene wa pale kwenye mita 1.3 na urefu huohuo lingetoa. Miti kumi inatosha. Mimi nilipofanya hivyo nilishangaa jinsi miti ya pembeni mwa shamba, yenye matawi hadi chini, inavyochongoka haraka kuliko ya ndani.

Je, hiyo 22.25 inaaminika kiasi gani? Chukua kila duara utoe wastani, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha: kwa maduara yetu ni 26.875. Gawanya kwa 5, tafuta kipeuo cha pili: 2.32. Gawanya tena kwa kipeuo cha pili cha 6: 0.95. Zidisha kwa 2.57, ambayo ni namba ya jedwali la t la takwimu kwa maduara sita na uhakika wa asilimia 95: 2.4. Kwa hiyo wastani wa kweli uko kati ya 19.8 na 24.7, kosa la kama asilimia 11 kila upande. Kwa kuuza shamba la ekari 5, hiyo ni nzuri. Ikitoka asilimia 25, ongeza maduara.

Hatua ya 6: Miti itafika wapi

Sasa tunaingia kwenye kielelezo cha ukuaji, yaani kanuni ya hesabu inayokadiria miti itakavyokua. Vipo vingi, na misitu mikubwa ya kupandwa hutumia vile vyenye namba nyingi kuliko hizi. Mimi nachagua kile cha Francis Schumacher, mwanamisitu wa Marekani aliyekitoa mwaka 1939, kwa sababu kinahitaji vipimo viwili tu vya umri tofauti na kina siri moja tamu nitakayoionyesha punde.

Kinasema hivi: ln ya urefu ni sawa na namba ya kwanza, toa namba ya pili ukiigawanya kwa umri. Yaani ln H = a − b/t. Mti mchanga unakimbia, mti mzee unapunguza mwendo, na mstari hauvuki dari.

Tuseme shamba hili lilipimwa pia likiwa na miaka 6, kimo cha miti tawala kikawa mita 8.9, na eneo la mashina mita za mraba 13.2. Kama hukupima wakati huo, tafuta shamba la jirani lenye udongo uleule, mbegu ileile, nafasi ileile na umri mwingine, ulipime kwa kamba ileile. Si bora kama kipimo cha shamba lako, lakini ni bora mara nyingi kuliko macho.

Bonyeza: ln ya 13.8 ni 2.6247. ln ya 8.9 ni 2.1861. Tofauti ni 0.4386. Moja kwa sita toa moja kwa tisa ni 0.05556. Gawanya: b ni 7.9. Kisha a ni 2.6247 ukijumlisha 7.9 kwa 9, yaani 3.50.

Fanya vilevile kwa eneo la mashina. ln ya 22.25 ni 3.1023, ln ya 13.2 ni 2.5802, tofauti 0.5221, gawanya kwa 0.05556: namba ya pili, tuiite d, ni 9.4. Ya kwanza, c, ni 4.15.

Ukishapata hizo nne, unaweza kuuliza umri wowote: weka umri kwenye kanuni, kisha geuza jibu la ln kwa kitufe cha e^x. Ukichukua urefu wa wastani kuwa asilimia 91 ya kimo tawala kama ilivyo leo, shamba linasoma hivi:

Miaka 6: kimo mita 8.9, eneo la mashina 13.2, ujazo 48 kwa hekta, wastani wa 8.0 kwa kila mwaka wa umri.
Miaka 9: mita 13.8, eneo 22.3, ujazo 126, wastani 14.0.
Miaka 12: mita 17.2, eneo 28.9, ujazo 204, wastani 17.0.
Miaka 15: mita 19.6, eneo 33.8, ujazo 272, wastani 18.1.
Miaka 18: mita 21.4, eneo 37.5, ujazo 330, wastani 18.3.
Miaka 21: mita 22.8, eneo 40.4, ujazo 378, wastani 18.0.

Tazama kutoka 9 hadi 12. Shamba la ekari 5 linatoka mita za ujazo 255 hadi 412. Mita 157 zinaota katika miaka mitatu, wakati miti iliyochukua miaka tisa kufika hapo ilikuwa imetoa 255 tu. Na huo ndio umri ambao wenzetu wengi wanauza, kati ya miaka 8 na 12, kwa kuwa ada ya shule imefika. Silaumu. Nataka tu mtu ajue anachouza.

Siri niliyoiahidi ni hii. Jumlisha b na d: 7.9 na 9.4 ni 17.3. Huo ndio umri ambao wastani wa kila mwaka unafika kilele. Huhitaji kuchora wala kukisia: ukitaka mita za ujazo nyingi kadiri inavyowezekana kutoka ardhi hiyo vizazi na vizazi, unakata karibu na miaka 17.

Hatua ya 7: Kusubiri kunalipa asilimia ngapi?

Ichukue hiyo 17.3, igawanye kwa umri mara umri. Jibu ukilizidisha kwa 100 ni asilimia ya ukuaji wa ujazo kwa mwaka. Ukiwa na miaka 9: 17.3 kugawanya kwa 81, ni asilimia 21. Miaka 12: asilimia 12. Miaka 15: karibu 8. Miaka 18: 5.

Sasa una kitu cha kulinganisha na riba. Ukihitaji fedha leo na SACCOS yenu inakopesha kwa asilimia 15 kwa mwaka, kuuza mipaina ya miaka 9 ni kuuza kitu kinachokua kwa 21 ili kuepuka kulipa 15. Ni heri ukope, au uuze kipande cha ekari moja na kuacha nne zisimame. Mipaina ya miaka 15 kwa riba hiyohiyo ni hadithi nyingine: ujazo peke yake hautoshi kukuzuia.

Nimesema ujazo peke yake kwa makusudi. Gogo la sentimita 17 linatoa mbao za 2×4 na vibanzi. Gogo nene linatoa 2×6, 1×8 na 1×10, na bei ya mita moja ya ujazo hupanda kadiri gogo linavyonenepa. Uliza bei hizo mwenyewe Mafinga au Makambako, kwa wenye viwanda na wachana mbao watatu tofauti, kabla ya kuamua. Upande wa pili wa mizani kuna moto. Hesabu katika kijiji chenu: kwa miaka kumi iliyopita, katika mashamba thelathini unayoyafahamu, yameungua mangapi? Kama ni kumi, basi kila mwaka shamba moja katika thelathini linapotea, na unapaswa kutoa asilimia 3 hivi kwenye ukuaji wako. Mwenye kinga moto iliyofyekwa vizuri anatoa pungufu ya hapo. Fedha ya kufyeka ni ya kuongeza asilimia.

Ukipunguza miti

Hesabu yote ya hatua ya 6 inadai kwamba kati ya kipimo cha kwanza na cha mwisho hukupunguza miti. Ukipunguza, mstari wa eneo la mashina umevunjika. Mstari wa urefu unabaki, mradi ulitoa miti dhaifu na kuacha minene. Pima upya mara tu baada ya kupunguza, kisha tena baada ya miaka mitatu, upate c na d mpya.

Dalili ya kwamba umechelewa kupunguza unaiona kwa macho: matawi mabichi yamepanda juu kiasi kwamba hayafiki theluthi ya urefu wa mti. Mpaina wa namna hiyo haunenepi upesi hata ukiupa nafasi, unachukua miaka kujenga kichwa upya. Miti inayotolewa haipotei. Mji wowote unaojengwa unakula mirunda.

Hatua ya 8: Kutoka shambani hadi stesheni

Mita za ujazo zilizosimama si mbao. Tuseme kati ya 51 za ekari moja, asilimia 15 ni ncha zisizofaa: zinabaki 43. Mashine ndogo ya kuchana mbao, dingdong, mara nyingi haitoi hata nusu ya gogo kama mbao. Tuseme inakupa theluthi: mita 14.3. Mbao ya 2×4 ya futi 12 ina mita ya ujazo 0.0189, kwa hiyo mita moja ni kama vipande 53, na ekari yako ni vipande 760 hivi. Badilisha theluthi kwa kile ulichokiona mwenyewe kwa kuchana magogo matano.

Halafu njia. Makambako ilikua pale ilipo kwa sababu vitu vitatu vinakutana: reli ya TAZARA, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, na barabara ya kwenda Njombe na Songea. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa mkulima wa miti maana yake ni kwamba pale wanunuzi ni wengi na wanashindana. Kwa hiyo andika gharama ya kusomba kutoka kisikini hadi barabarani kando, na gharama ya gari kutoka hapo hadi Makambako kando. Mara nyingi kipande kile kifupi cha kwanza, cha kubeba kichwani kupanda mlima, ndicho kinachokula zaidi. Shamba lililo mita 300 kutoka barabarani na lililo kilomita 2 si shamba moja hata miti ikifanana kama pacha.

Mji kuzunguka stesheni nao unasogea. Mwenye mipaina pembezoni mwa Makambako au Mbeya anaulizwa siku hizi kuhusu viwanja kuliko mbao. Kabla hujakata miti michanga kwa ajili ya viwanja, nenda halmashauri uone mchoro wa mipango miji: pengine shamba lako limechorwa barabara, eneo wazi au shule, na uuzaji wa viwanja bila upimaji utakuletea kesi. Kama limechorwa makazi, tumia asilimia ileile ya hatua ya 7. Miti inayokua kwa 21 inaweza kusubiri upimaji ukamilike, na ardhi haikimbii.

Daftari

Kwa kila duara andika: tarehe, namba ya duara, nukta ya GPS, mteremko, kisha mti kwa mti namba, mzingo, urefu kama umepimwa, na hali yake. Nakili daftari zima kwa picha za simu siku hiyohiyo na umtumie mtu mwingine wa familia. La kwetu la mwaka wa kwanza liliungua pamoja na banda.

Simika kigingi cha chuma au jiwe lililozikwa katikati ya kila duara, kwa sababu cha mti huliwa na mchwa. Rangi hupauka kwenye gamba la mpaina, na gamba hubanduka, hivyo pita kila mwaka ukiipaka upya kabla mstari haujapotea. Na mtu akija kuuliza bei kabla hujamaliza kupima, mwambie aje baada ya wiki moja. Maduara sita ni kazi ya siku moja, hesabu ni ya jioni mbili.